Nimerudi kutoka misheni, mbona sioni baraka za nyumbani?

*Barua zenu zinajibiwa na muuguzi na mkunga mstaafu, aliyehudumu Turkana pamoja na marehemu mumewe, mwinjilisti, kuanzia 1982 hadi 1991.*

Mama, shikamoo. Bwana asifiwe.

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Milima ya Taita. Kwa miaka 5 nilikuwa upande wa Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, nikifundisha chekechea na kuongoza ibada ya Jumapili chini ya mti. Nimerudi nyumbani Februari. Nilidhani nitakuwa mtu wa kushukuru kila saa: baridi, ndizi, maji ya mfereji. Wiki mbili za kwanza ilikuwa hivyo. Sasa nimegeuka. Mama akimwaga maji aliyooshea sukuma wiki, moyo unanichoma. Mdogo wangu akibakisha ugali, namtolea hotuba. Jumapili iliyopita mzee mmoja alisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa pikipiki mpya ya mwanawe, nikatoka nje. Mchumba wangu anasema nimekuwa hakimu.

Linalonishangaza ni kwamba kule, palipokuwa na shida, nilikuwa naziona baraka za Mungu kila siku. Hapa penye kila kitu nimekuwa kipofu. Nifanyeje nizione tena, bila kuwasaliti wale niliowaacha?

Aliyerudi, Wundanyi

Marahaba, mwanangu. Amina. Na karibu nyumbani, ingawa naona bado uko njiani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ulipofika kwenye pikipiki nilijiona mimi mwenyewe, mwaka 1991. Yangu haikuwa pikipiki, ilikuwa keki. Binti wa shemeji yangu aliolewa mwezi wa pili tangu turudi, na keki ilikuwa ya ghorofa tatu. Nikasema, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wagonjwa kwenye foleni, kwamba sukari ile ingetosha uji wa watoto wa kituo kizima kwa wiki. Bibi harusi akalia. Leo ni mama wa watoto wakubwa, na bado ananisalimia kwa ile adabu ya mtu asiyesahau.

Kwa hiyo sikujibu nikiwa mlimani. Nakujibu nikiwa shimoni, ila nilitangulia kutoka.

Kwanza nikuulize jambo la kiuuguzi: unalala? Unakula kwa wakati? Miaka 5 ya jua lile na maji yale hayamtoki mtu kwa nauli ya basi. Nenda hospitali wakupime malaria, damu, minyoo, hata kama unajisikia mzima. Hasira nyingine tunaiita ya kiroho kumbe mwili umechoka. Mitume waliporudi kutoka kutumwa, wakiwa na habari tele za kumweleza Bwana, yeye aliwaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Marko anaongeza, katika sura hiyo ya 6, kwamba walikuwa hawana hata nafasi ya kula. Kanisa letu likimpokea aliyerudi humpa kipaza sauti Jumapili ya kwanza na kamati Jumapili ya pili. Kama umeshapewa kamati, irudishe.

Sasa tuje kwenye kipofu.

Unasema unaona vibaya kwa sababu nyumbani kuna vingi. Mimi nadhani unaona vibaya kwa sababu umewageuza watu wa Turkana kuwa ratili. Kila kitu cha hapa unakiweka upande mmoja, wao unawaweka upande wa pili, halafu unasoma uzito. Maji ya sukuma wiki, ratili. Ugali wa mdogo wako, ratili. Hata shukrani zako za zile wiki mbili za kwanza, nisamehe, zilikuwa za ratili ileile: asante Mungu mimi nina mfereji na fulani hana. Shukrani ya namna hiyo haidumu. Ikichacha inakuwa hasira, na wewe sasa uko kwenye kuchacha.

Najua ninachosema kwa sababu nilishawahi kukamatwa. Tuliporudi, niliombwa nitoe ushuhuda katika kanisa moja huku milimani. Nikasimulia 1984, mwaka wa ukame, ule mwaka Kenya nzima ilipojua rangi ya unga wa njano. Nikasimulia laga iliyokauka, yaani ule mto wa mchanga mtupu, na kina mama wakichimba kisima katikati yake mpaka mtu anazama kichwa. Nikasema wanavyosubiri maji yatoke mchangani, kata moja, ngoja, kata nyingine, na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Watu walilia. Sadaka ilijaa kapu. Nikashuka pale mbele nikijiona nimefanya kazi ya Bwana.

Nje, baada ya ibada, alinisogelea askari mmoja kijana. Alikuwa Mturkana, amepangiwa kazi kituo cha huku kwetu, na alikaa kiti cha nyuma muda wote huo bila mimi kumwona. Akanisalimia kwa lugha yao, *ejok*, nikaitikia. Akanishika mkono sawasawa. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mama, mbona hukuwaambia kwamba kisimani tunaimba?"

Mwanangu, sikuwa na jibu. Maana ni kweli huimba. Mmoja yuko chini kabisa, mwingine juu yake, mwingine ukingoni, chombo kinapanda mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaopeleka ile kazi, ng'ombe na ngamia huko juu wakisikiliza. Miaka 9 nilisikia nyimbo zile. Mimi mwenyewe nilijifunza kiitikio kimoja na nilikuwa nikikiimba jikoni. Lakini niliposimama mbele ya watu wangu nilichukua kiu nikaacha wimbo, kwa sababu kiu ndiyo iliyonifaa. Nilikuwa nimewanyang'anya.

Tangu siku hiyo, kila ninapotaka kusema "kule hawana," najiuliza kwanza kama nimeshasema walichonipa. Wewe kwenye barua yako umeandika kwamba kule uliziona baraka kila siku, lakini hukunitajia hata moja. Hebu zitaje. Nani alikupa maziwa ya kwanza? Nani alikuazima *ekicholong* chake, kile kigoda chao ambacho mzee hatembei bila nacho, ili ukalie wewe naye akae chini? Nani alikufundisha kusema *alakara*, yaani asante? Zitaje kwa majina ya watu, tena umtajie mchumba wako badala ya kumhukumu. Yeye naye amekosa miaka 5 ya habari zako.

Sasa, kwa nini kule uliziona? Ngoja nikupeleke Yoshua 5:12. Huo ni mstari mdogo ambao wahubiri wengi huuruka wakikimbilia kuta za Yeriko. Wana wa Israeli wamevuka Yordani, wamekula mazao ya nchi, na kesho yake mana ikakoma. Miaka 40 walikuwa wanatoka hemani asubuhi na chakula kiko pale, juu ya uso wa nchi, hakuna asiyejua kimetoka wapi. Halafu asubuhi moja wanatoka, hakuna kitu. Kuna nafaka ghalani. Inataka kupurwa, kusagwa, kupikwa, tena mkulima wake alikuwa mtu mwingine. Biblia haituambii kama kuna aliyeimba asubuhi ile. Mimi nashuku wengi walisimama nje ya hema wakitazama chini kwa mazoea, wakajisikia wameachwa.

Kalokol ulikuwa unaokota mana. Maji yalifika kwa gari, ukaliona vumbi lake tangu mbali, ukajua leo Mungu ametukumbuka. Barua au simu ya nyumbani ilifika siku mtandao ulipokubali. Mvua ikinyesha kijiji kizima kinatoka nje. Na kule neno *Akuj* ndilo Mungu, na ndilo mbingu, basi mtu akiinua macho tu ameshaanza kuomba. Hapa kwetu Taita, nusu ya mwaka ukiinua macho unaona ukungu. Baraka za hapa ni mazao ya nchi. Zimepita mikononi mwa watu wengi sana kabla ya kukufikia, na wale watu hatuwaoni, ndiyo maana tunadhani vimejileta.

Watu watakushauri ununue daftari uandike baraka tano kila usiku. Sikukatazi. Mimi nilijaribu, daftari la kurasa 48, na kufikia siku ya tisa nilikuwa naandika "afya, chakula, pumzi, usingizi, familia" kama karani anayejaza fomu. Daftari lile liliishia kuandikiwa madeni ya maziwa.

Kilichonisaidia ni mfereji. Siku moja maji yalikatika, siku ya tatu hayajarudi, nami nikiwa na hasira zangu nikaamua kuifuata paipu mpaka mwanzo wake nione ni nani wa kulaumu. Ni ile paipu nyeusi ya plastiki, unaijua, inapita kando ya migomba, inachimbiwa kidogo, inatokeza tena, imefungwa raba ya baiskeli mahali ilipopasuka. Nikapanda nayo. Inavuka shamba la jirani yangu ambaye sikuwa nikimsemesha. Inapita nyuma ya shule. Inaingia kwenye miti, na huko juu, baada ya saa nzima ya magoti yangu haya, nikakuta kisanduku cha saruji penye chemchemi, na mwanamume mmoja amepiga magoti kwenye tope, amevaa gambuti, mkono umeingia majini mpaka kwapani.

Alikuwa anatoa majani. Anayavuta kwa konzi, meusi, yameoza, anayatupa kando, anarudisha mkono. Mara akatoa kaa, wale kaa wadogo wa vijito vyetu, amening'inia kwenye kidole chake. Hakumponda. Akamtikisa taratibu, akaenda hatua nne chini ya kisanduku, akamwachia kwenye maji ya huko. "Huyu ni wa kila wiki," akaniambia. "Nadhani ni yuleyule."

Nikamuuliza anafanya kazi hiyo tangu lini. Miaka 11. Jumatatu na Alhamisi, na kila baada ya mvua kubwa. Alikuwa amelazwa wiki ile, ndiyo maana maji yalikatika. Analipwa na nani? Kila nyumba shilingi 50 kwa mwezi, akasema, halafu akacheka na kuongeza, "wakikumbuka." Mimi sikuwa nimekumbuka kwa miezi 7. Sikuwa hata najua kwamba kuna cha kukumbuka, maana marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akilipa.

Niliteremka mlima ule nikiwa mtu mwingine kidogo, sikudanganyi kwamba nilikuwa mtu mwingine kabisa. Lakini hadi leo nikifungua mfereji asubuhi naona ule mkono unaingia majini, na shukrani inakuja yenyewe bila ratili. Hakuna Mturkana anayehitajika kuwa na kiu ili mimi nishukuru kwa mkono ule.

Hiyo ndiyo dawa yangu, sina nyingine. Chagua kitu kimoja cha nyumbani kinachokuudhi kwa wingi wake, ukifuate mpaka umkute mtu. Maziwa ya chai yako yamekamwa na nani, na aliamka saa ngapi? Ile sukuma wiki mama yako ameipanda lini? Na yale maji anayomwaga, hebu siku moja kabla ya kuchomwa moyo mfuate uone anayamwaga wapi. Nakuwekea dau la kikombe cha chai kwamba ni kwenye shina la ndizi.

Na yule mzee wa pikipiki, mwendee. Usianze kwa kuomba msamaha wa kutoka nje, pengine hakukuona. Mwombe tu akusimulie ile pikipiki ilivyopatikana. Mimi ni mkunga, nimekuwa katika milima hii kabla ya bodaboda. Nakumbuka tulivyokuwa tukimteremsha mjamzito kwa machela ya miti na blanketi, vijana wanne wakipokezana, usiku, utelezi, na taa ya chemni. Wengine tuliwateremsha wakiwa wawili, tukawarudisha nyumbani mmoja. Kwa hiyo mwenzako akisimama kushukuru kwa pikipiki mpya, mimi namwitikia amina, na ya pili namwongezea.

Swali lako la usaliti nalo. Unaogopa kwamba ukifurahia nyumbani umewasahau. Mbona simu ipo? Piga. Usiulize tu mvua na njaa, uliza nani ameoa, nani amezaa, mbuzi wa fulani aliyekuwa akila daftari za watoto yuko wapi. Ukiwa na chochote tuma, M-Pesa inafika mpaka kule. Na muhimu kuliko kutuma: waombe wao kitu. Waambie, "Niombeeni, nimerudi na moyo mgumu." Kule, kama ulivyoona, mtu humwomba rafiki yake waziwazi, nipe tumbaku, nipe shuka, na wageni wengi huchukizwa. Mimi nilichukizwa miaka 2 mizima kabla ya kuelewa kwamba anayekuomba amekuhesabu kuwa wake, na kwamba na mimi natarajiwa kuomba. Wewe umekuwa mpaji tu kwa miaka 5. Waombe.

Tena kuna jambo unalisahau kwa sababu wewe ni kijana. Sisi nasi tulikuwa misheni ya watu. Wray, mmisionari wa CMS, lile shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, alifika Sagalla hapa Taita mwaka 1883, na mapadre wakajenga Bura, hapahapa Taita, mwaka 1892, na bila shaka waliandika barua nyumbani kwao kueleza jinsi sisi tulivyokuwa hatuna hiki wala kile. Najiuliza mara nyingi kama kuna aliyeandika kwamba tulikuwa tunaimba.

Mchumba wako ana subira. Muoe kabla haijaisha.

Mama, mume wangu amerudi kutoka kazi ya Injili ya miaka 2 huko Sudan Kusini. Namshukuru Mungu amerudi salama, lakini anagawa vitu. Amegawa blanketi mbili, viatu vya mtoto, na juzi sufuria yangu kubwa, ile ya sherehe. Nikiuliza anasema tuna baraka nyingi mno. Je, mimi ndiye mwenye roho ya uchoyo?

Mama Watatu, Kitale

Hapana, Mama Watatu. Wewe ndiye mwenye sufuria.

Mumeo ana ugonjwa uleule wa kijana wa hapo juu, ila wake umeshuka mikononi. Ameona watu wamekimbia vita na kitu kimoja kichwani, na sasa kabati lenu linamtisha. Usimcheke. Jioni moja mkae, watoto wakishalala, akueleze sufuria aliziona wapi na zilikuwa za nani. Nadhani utasikia jambo ambalo hajakwambia bado.

Lakini sheria iwekwe: kila mtu agawe vyake. Akitaka kutoa mashati yake, abaki na moja, ni sadaka yake. Aliyepewa sufuria mwendee kwa heshima, mweleze kwamba ni ya mji mzima, kila mwenye arusi na matanga huja kuiazima kwako, na umpelekee nyingine ndogo badala yake. Watu huelewa. Viatu vya mtoto usiviulize, miguu imeshakua.

Mama, ni vibaya kumshukuru Mungu kwa vitu vidogo sana? Jana nilifika stendi nikakuta matatu imebakiza kiti kimoja, nikasema asante Yesu kwa sauti, abiria wakanicheka.

Msichana wa Mwatate

Si vibaya hata kidogo. Zaburi ya 103 inasema, "wala usizisahau fadhili zake zote," na zote ni zote, kiti cha matatu kimo. Ila siku nyingine umtazame pia yule aliyekuwa nyuma yako akakikosa. Mwenzako huyo naye alikuwa anaenda mahali.

Barua za mgao wa maji na za wakwe nitazijibu toleo lijalo. Nimesikia mfereji unakohoa huko nje, maana yake Alhamisi imefika na mkono umeshaingia kisandukuni, nami sijatega hata ndoo moja.